Maharage Yasiyosagwa

Graz, 8 Oktoba 1905

Mdogo wangu Gotthard,

Habari za Berlin? Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Maboga yameshavunwa, mbegu zimekamuliwa, na nyumba nzima inanukia mafuta mapya. Shangazi Notburga anakusalimu sana. Anauliza umeshapata mchumba au bado umeoa lile tanuri lako la kazini. Kaburi la mama nimelipalilia na kulipanda maua ya baridi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi upande huo.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa mezani. Baba si mzima. Macho yamekwisha kabisa, anaona mwanga wa dirisha tu, na mtu akipita anaona kivuli. Lakini macho tumeyazoea, Gotthard. Ni moyo. Tangu arudi kwenye ule mkutano wa Vienna hajawa mtu yule. Wewe hukuwepo. Alisimama akaeleza yale yale aliyoyaeleza maisha yake yote, kwamba joto la kikombe cha chai ni vitu vidogo visivyoonekana vinavyokimbizana na kugongana, na kwamba mwenye kujua kuhesabu atajua vinavyofanya. Akainuka bwana mmoja wa mbele akauliza, "Hizo atomi zako, Profesa, umepata kukutana na hata moja ukaisalimia?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vijana sasa wanamwita Baba wa Vumbi. Mtu ambaye jina lake linajulikana mpaka Leiden na London!

Asubuhi namletea kahawa, ananiambia, "Iweke hapo, Tilli." Jioni naikuta pale pale imeganda. Nikimsomea majarida naruka kila penye kumdhihaki, naye anauliza, "Mbona ukurasa huu mfupi, mama?" Juzi kanitamkia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Miaka yote hii, na hakuna kitakachobaki. Ningekuwa mwoka mikate, watu angalau wangeshiba." Nilitoka nikaenda kulia bandani.

Siku anayoshuka chini ni Jumapili tu. Bado anadai maharage yake, yale yetu makubwa ya zambarau. Unakumbuka? Saba mezani, sahani tatu, "Haya wanangu, njia ngapi za kuyagawa?" Halafu tukishahesabu, yote ndani ya kinu cha kahawa, tuyasage mpaka yawe unga. "Kwa sababu joto halina punje. Punje ni za kuhesabia tu. Ukimaliza kuhesabu, saga!" Na mama jikoni akigomba kwamba ndiyo maana kahawa ya nyumba hii ina ladha ya maharage. Sasa tunagawa wawili, mimi na yeye. Anayapapasa moja moja, anahesabu, anasaga. Na akimaliza kusaga anabaki ameshika kile kinu kitupu.

Mimi si msomi. Lakini wewe uko huko kwenye wasomi. Hakuna hata mmoja Berlin anayemwamini? Nitafutie neno moja la kumpa huyu mzee kabla hajajizimia mwenyewe. Au bora zaidi, njoo Krismasi.

Nimekuwekea kopo la maharage. Usiyale yote siku moja.

Dada yako,
Ottilie


Berlin, 29 Oktoba 1905

Dada Tilli,

Kopo limefika likiwa limebonyea, maharage yamesalimika. Mama mwenye nyumba wangu aliyachemsha kwa sukari. Kwa sukari, dada! Watu hawa hawana dini. Niliokoa yaliyobaki, na saba nimeyapanga dirishani mwangu. Njia thelathini na sita, naota mpaka leo. Mwambie shangazi tanuri langu halina wivu, na linapika vizuri kuliko mchumba yeyote niliyemwona hapa. Mimi mzima, isipokuwa mafua yaliyokataa kuondoka.

Ulilouliza lipo. Sikukuandikia mapema kwa sababu sijui litamfurahisha au litamuua. Sikiliza vizuri, kisha umsomee.

Chuma kikiwa motoni kwa mhunzi huwa chekundu, kikizidi huwa cha machungwa, kikizidi tena huwa cheupe. Kazi yetu hapa ni hiyo hiyo, ila sisi tuna tanuri lililofungwa kote na kuachwa tundu dogo, na tunapima kila rangi inayotoka inabeba joto kiasi gani. Miaka kadhaa watu walitafuta kanuni ya kueleza vipimo hivyo, kila moja ikavunjika upande mmoja au mwingine. Profesa mmoja mkubwa wa hapa, mtu asiyependa atomi hata chembe, alijaribu kila mlango ukagoma. Mwisho akachukua hesabu ya baba. Ndiyo, ya baba. Akalikata joto vipande, akavigawa kama sisi tulivyogawa maharage, akahesabu njia. Na ikakubali! Vipimo vyangu mwenyewe vinakaa juu ya mstari wake kama mguu ndani ya kiatu chake.

Kuna jambo moja tu. Yule bwana hakusaga. Aliyaacha maharage mazima. Rangi nyekundu ina punje zake ndogo, zambarau ina kubwa. Nasikia hata yeye mwenyewe hana raha nalo.

Krismasi sidhani. Kazi nyingi.

Mdogo wako,
Gotthard


Graz, 12 Novemba 1905

Gotthard, mdogo wangu wa dhahabu,

Salamu hazina nafasi leo, zijipange nyuma. Shangazi mzima, paka mzima, mvua inanyesha. Sikiliza.

Nilimsomea barua yako juzi baada ya chakula. Nilipofika "ya baba" aliinua kichwa. "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Akatupa blanketi kando akakaa kitako, akasema anataka kahawa na mayai mawili. Mayai mawili, Gotthard! Alikula huku kiini kinamtiririka ndevuni, akawa ananiuliza maswali ambayo hata sikuyaelewa, tanuri la aina gani, tundu ukubwa gani. Akacheka. Nilikuwa nimesahau baba akicheka hukohoa kama farasi.

Kisha akaniuliza, "Na mwisho wake? Alisaga lini?"

"Gotthard anasema hakusaga, baba."

"Haiwezekani. Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Aliyaacha mazima."

Ungemwona uso! "Amesahau," akasema. "Masikini, amesahau hatua ya mwisho! Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walikuwa wakisahau hivyo hivyo, nikawa nawarudisha mlangoni. Tilli, mama, huyu mtu ataaibika mbele ya dunia, na kosa ni langu. Sikuandika kwa herufi kubwa kwamba punje ni za kuhesabia tu. Chukua kalamu upesi."

Nikamwambia, "Baba, si umesikia kanuni inakubali? Si ushinde tu unyamaze?"

"Mtu akishinda kwa kosa langu, mimi nimeshinda nini?"

Basi nimeandika alivyotamka. Anamwomba radhi yule profesa, anamsihi arudi asage punje zote mpaka ziwe unga kabla watu hawajagundua. Amepapasa karatasi akatia sahihi, imepanda mlima, lakini ni yake. Imo humu. Mpelekee mkononi. Baba anasubiri jibu, na kwa hilo anakula, kwa hiyo sithubutu kulalamika. Nakuomba usichelewe.

Tilli


Berlin, 20 Desemba 1905

Dada Tilli,

Nisamehe ukimya. Kulikuwa na hili na lile. Theluji huku imeanza, mto umeganda kingoni, na mama mwenye nyumba ananiletea supu bila kuombwa, jambo linalonitia wasiwasi.

Barua ya baba niliipeleka. Mwenyewe hakuwepo, nikamwachia mhudumu wa mlangoni, akaapa ataiweka juu ya meza. Nimerudi kuuliza, nikaambiwa profesa ana shughuli nyingi na barua kwake ni rundo. Labda baada ya sikukuu. Sikupata nguvu ya kurudi tena.

Krismasi siji. Usiniulize, tafadhali. Mwambie baba ni tanuri, haliwezi kuachwa.

Nakutakieni heri. Nipigie maharage kinuni mara moja kwa niaba yangu.

Gotthard


Graz, 14 Januari 1906

Gotthard,

Heri ya mwaka mpya, ingawa huku mwaka umeanza kwa mguu mbaya. Tulikula Krismasi watu watatu, kiti chako tukakiwekea sahani kwa sababu baba alitaka. Sikuuliza kwa nini hukuja. Umesema nisiulize, na mimi ndiye mkubwa, ukubwa jalala, yatupwe tu hapa.

Baba anamngoja tarishi. Amejua hatua zake kwenye ngazi. Akisikia zinapita kwa jirani anasema, "Si leo," akisikia zinasimama kwetu ananyoosha mkono kabla sijafungua mlango. Na mimi kila siku nampa bili na kadi za heri, namwambia, "Hapana, baba, si ya Berlin."

Juma lililopita alianguka chumbani. Daktari anasema ni mshipa mdogo uliopasuka kichwani. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umepinda kidogo, akili iko pale pale. Daktari alinivuta pembeni akasema ukipasuka mwingine hautakuwa mdogo. Nami nimechoka, Gotthard. Nimechoka kuwa na habari mbaya peke yangu.

Kwa hiyo nina ombi, usinigombeze. Yule bwana hatajibu. Wakubwa hawajibu. Andika wewe, kwa jina lake. Baba haoni, nitamsomea mimi, nani atajua? Weka maneno ya kisomi nisiyoyajua. Sema barua imefika, sema asante, sema tutasaga. Basi. Mzee apumzike akijua amesikilizwa. Unatusaidia au hutusaidii?

Tilli


11 Februari 1906

Dada Tilli,

Pole kwa yote. Pole kwa mkono wa baba, na pole kwa wako pia unaoandika haya yote.

Nilikaa kuandika hiyo barua. Wallahi nilikaa, nikaandika "Profesa mheshimiwa", nikashindwa. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza nilijaribu kusaga mwenyewe, kwenye karatasi, kama baba anavyotaka. Ndani ya tanuri mna rangi zote, tunazoziona, na zile za ng'ambo ya zambarau ambazo jicho haliziwezi. Hizo za ng'ambo hazina mwisho. Ukisaga maharage yakawa unga, kila rangi inadai kijiko chake sawa na mwenzake. Ni wageni wasiokwisha, na kila mmoja ana kijiko mkononi! Hakuna ghala la kutosha. Ingekuwa hivyo, mtu akifungua jiko la mikate angeunguzwa macho pale pale. Lakini ukiyaacha mazima, zile rangi za mbali punje yao ni kubwa mno, hakuna rejareja, ni nzima au hakuna. Zinaondoka mikono mitupu na tanuri linatulia.

Baba amekosea, Tilli. Na amekosea akiwa karibu kuliko mtu yeyote duniani. Kila Jumapili alikuwa na jibu mezani, akalisaga. Nikimwandikia "tutasaga", nitakuwa nimemdanganya kwenye hesabu. Mengine tumemdanganya yote, wewe na mimi na mama kabla yetu, lakini kwenye hesabu hakuna aliyewahi. Na nikimwandikia ukweli, nitakuwa namwambia kipofu mgonjwa kwamba alishika almasi akaitia kwenye kinu cha kahawa.

Sijui la kufanya. Usiniulize kwa nini barua imechelewa.

Gotthard


Graz, 18 Machi 1906

Gotthard,

Barua yako ilichukua majuma mawili na zaidi, na muhuri wa posta si wa Berlin. Hilo tutalirudia. Ilipofika, mimi nilikuwa nimeshaharibu.

Sikuweza kungoja. Siku moja tarishi alisimama kwetu, baba akanyoosha mkono kama kawaida, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Ya Berlin, baba!" Ilikuwa bili ya makaa. Nikakaa kitandani kwake nikaikunjua nikasoma. "Profesa mheshimiwa, onyo lako limetufikia, nasi tumeona kosa, tumesaga."

"Rudia hapo."

"Tumesaga."

"Yote?"

"Yote, baba. Mpaka unga."

Akageuza uso ukutani. Nikadhani amepata raha, nikashuka jikoni nikaimba kabisa. Mjinga mimi.

Kesho yake hakutaka kula. Nikambembeleza, akaniambia, maneno yakitoka polepole kwa ule mdomo uliopinda, "Tilli, mama, majira haya ya baridi mlidhani nimelala tu. Nilikuwa nasaga kichwani. Nimesaga mara nyingi kwa njia zote ninazozijua. Yakisagwa, tanuri halina mwisho, linamwaga joto kama mto uliobomoa kingo. Lazima yabaki mazima. Yule bwana hakusahau. Mimi ndiye niliyesahau kila Jumapili, hapo mezani, mbele yenu. Jibu nilikuwa nalo mkononi. Na sasa mwenzangu alikuwa nalo, nikamwandikia alisage, na amenitii."

Gotthard, nilipiga magoti. Nikamwambia hakuna barua, baba, ni bili ya makaa, magunia manane na krone zake za kulipa, nimekudanganya, Berlin hawajasaga hata punje, Gotthard mwenyewe anasema yapo mazima! Akanipapasa kichwa kwa mkono mzima akasema, "Wewe ni mtoto mwema." Basi. Nikaapa kwa kaburi la mama. "Najua," akasema, "najua, usilie."

Haamini! Nimeruka kurasa nyingi mno, Gotthard. Nimemwambia wanafunzi wanamuulizia, hakuna anayemuulizia. Nimemwambia Vienna walimcheka yule bwana aliyeuliza, si yeye. Alikuwa anajua, akaniacha niendelee kwa sababu ananipenda. Sasa nina ukweli mmoja tu mkononi na haununuliki. Njia ya mwongo ni fupi, nimefika mwisho wake. Nikamleta shangazi Notburga aape naye. Baba akamuuliza, "Na wewe Notburga, Tilli kakufundisha lini kuapa?" Wenzake wa chuo hawajui habari za tanuri, wananitazama kama kichaa.

Njoo. Sauti yako ataiamini, wewe hujawahi kumdanganya kwenye hesabu. Panda treni ya kwanza. Na uniambie uko wapi.

Tilli


Milimani, Silesia, 2 Aprili 1906

Dada yangu,

Niko kwenye hospitali ya mapafu. Tangu Januari. Haya, nimesema.

Yale mafua hayakuwa mafua. Novemba nilitema damu juu ya daftari la vipimo. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mgonjwa mmoja tayari, na kwa sababu nilidhani nitapona kabla hujajua. Tunalazwa barazani kwenye baridi tumefungwa mablanketi kama mikate inayongoja kuumuka. Nimemwomba daktari ruhusa ya siku nne niende Graz. Aliniletea kioo nijitazame. Ngazi tu kwenda chumba cha kulia nabebwa, dada. Treni sitaiweza.

Mimi mwenyewe nimemwandikia yule profesa, nikamweleza yote, nikamwomba amtumie baba mstari mmoja. Labda atajibu. Lakini hata akijibu kwa mkono wake mwenyewe, nani atamsomea baba kama si wewe?

Nimewaza sana juu ya hilo. Macho ya baba yamekufa, masikio yake hayakuamini, vidole bado ni vyake. Yale maharage saba niliyoyapanga dirishani Berlin nilikuja nayo huku kwenye mfuko wa koti. Nayatuma humu pamoja na barua yake. Msomee, kisha mwekee mkononi. Ayapapase mwenyewe aone ni mazima, yametoka huku kwangu, hakuna aliyeyasaga. Ni ishara ya kitoto, najua. Sina nyingine.

Barua ya baba ni hii:

"Baba, mimi Gotthard. Hawajasaga. Barua yako haikusomwa na yeyote, iko kwenye rundo. Uliyoyaona kichwani mwako majira haya ya baridi ndiyo kweli, na Ulaya nzima wanaoyaona hayo hawajai meza moja. Nami nimepima, yako mazima. Kila watakachojenga juu yake kitasimama juu ya ile meza yetu ya Jumapili. Shikamoo, baba. Mwanao."

Gotthard


Graz, 22 Aprili 1906

Gotthard, mdogo wangu,

Pasaka imepita. Shangazi alileta mkate wa kubarikiwa na nyama, jua limetoka, na mlimani kwenye mnara wa saa watu wanatembea na watoto kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Nilisoma barua yako nimesimama uani, nikaketi chini pale pale kwenye matope. Nina hasira na wewe kiasi cha kukupiga. Mficha maradhi, sitaki hata kuimalizia hiyo methali. Machi nakupigia kelele uje, kumbe unabebwa ngazini! Ungeniambia. Ningefanya nini, sijui, lakini ungeniambia. Sasa mmoja wangu yuko kitandani hapa, mwingine yuko barazani kwenye baridi huko, na mimi siwezi kumfikia yeyote kati yenu. Hata huyu ninayemgusa kila siku simfikii.

Nilifanya ulivyosema. Jumapili ya Pasaka, baada ya kanisa. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia, "Baba, barua ya Gotthard." Sikuruka hata neno. Nilisoma polepole, nikitamka kila kitu kama ulivyoandika, mpaka "shikamoo". Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande ule mzima. Akasema, "Unasoma vizuri sana, mama."

Nikamwambia, "Sijatunga, baba. Nipe mkono." Nikamwekea maharage yote saba kiganjani. "Haya yametoka kwake. Papasa. Mazima!"

Akayapapasa. Moja moja, kama Jumapili zote. Nilimwona uso unafunguka, Gotthard, nakuapia, kwa dakika moja nilidhani tumempata. Akalileta moja puani akalinusa. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha farasi.

"Haya ni yetu," akasema. "Haya yameota bonde la mto wetu, Mur. Berlin hawana maharage kama haya, Tilli. Umeyatoa kabatini."

Nikamwambia nilikutumia mimi, Oktoba, kwenye kopo! Nikamkumbusha kopo. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemsikiliza mtoto akieleza nani kavunja kikombe. "Mama yako naye," akasema, "akishagomba Jumapili, kila Jumatatu alikuwa akiniapia kwamba kahawa haina ladha ya maharage. Alikuwa na sauti hii hii." Akanirudishia yote saba. Kinu kilikuwa mezani, nilikuwa nimekiweka makusudi, nione kama atakitaka. Hakukigusa. Alikisogeza mbali kwa kiwiko.

"Kayapike," akasema, "yasiharibike."

Ningefanya nini? Niliyachanganya na ya kabatini, nikayaloweka, kesho yake nikayapika. Nikayatengenezea saladi anavyopenda, siki na mafuta ya maboga na vitunguu vingi. Nikamlisha kwa kijiko. Alikula sahani nzima, akasema yameiva vizuri. Sikujua yapi ni yako, nikawa natazama kila kijiko kinapoingia. Machozi yakaanza, sikuweza kuyazuia, na pua nayo. Akasikia.

"Unalia, mama?"

Nikamwambia, "Ni vitunguu, baba."

Hilo aliliamini.

Tilli wako